Raha ya meli ni kuhesabiwa

Mwenzenu nimerudi! Wale mliokuwa mnauliza mbona safu imelala wiki mbili mfululizo, jibu ndilo hilo: nilikuwa Majuu, naponda raha kwenye meli ya kitalii. Usinune. Raha yenyewe sikuilipia mimi, na safari yenyewe ilifika mahali nikalia mbele za watu mpaka kamasi zikanitoka. Kwa hiyo vuta kiti, nikupe mkanda mzima.

Dada yangu ni nesi, anaishi Hamburg, Ujerumani, tangu mwaka 1995. Juzi juzi ametimiza miaka 50. Wenzake wakifika umri huo wanafanya pati, yeye akanipigia simu: "Mdogo wangu, sitaki pati. Nataka tupande meli, mimi na wewe, siku saba. Tiketi nimeshakata."

Nikamwambia, "Dada, umesahau habari ya mimi na meli?"

Sisi ni watu wa Bukoba, na tangu mwaka 1996 mwenzenu sijakanyaga chombo chochote cha majini. Nyumbani naenda kwa basi, mgongo unauma mpaka basi. Zanzibar nimefika mara mbili, zote kwa ndege, na washikaji zangu wanajua nilivyochekwa. Dada akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sijasahau. Ndiyo maana nataka tupande." Sikumwelewa, lakini nikakubali. Dada akishasema, nani wa kubisha?

Tuanze na makaratasi, maana najua wapo wanaodhani ukishashika tiketi ya meli umemaliza. Bado kabisa! Njia yetu ilikuwa hivi: Kiel ya Ujerumani, Tallinn ya Estonia, Helsinki ya Finland, Stockholm ya Sweden, Copenhagen ya Denmark, halafu Kiel tena. Nchi zote tano zimo kwenye mkataba wa Schengen, kwa hiyo viza moja inakuzungusha kote. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na wanadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Lakini angalia sana: ukichagua meli inayopita Uingereza, hapo umetoka Schengen na unarudi. Unatakiwa uwe na viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ya Waingereza juu. Usipoliangalia hilo utabaki gatini unapunga mkono. Zamani meli hizi za Baltiki zilikuwa zinatia nanga hadi St Petersburg, Urusi, na watu wengi walikuwa wanakata tiketi kwa ajili ya mji huo tu. Tangu vita ya Ukraine ya mwaka 2022, hazifiki tena.

Haya. Kutoka Hamburg tukachukua treni, saa moja na dakika kidogo tukawa Kiel. Tukatembea mpaka bandarini, nikanyanyua macho. Mama yangu! Nilidhani ni jengo la wizara limeegeshwa majini. Ghorofa nilizihesabu nikafika kumi na nne nikachoka. Magoti yakaanza kugongana. Dada akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo, tukaingia.

Mlangoni wanakupiga picha, wanakupa kadi. Kadi hiyo ndiyo kila kitu: inafungua chumba, inalipia soda, na kila unapotoka melini au kurudi unaipitisha kwenye mashine, inalia "ting!" na sura yako inatokea kwenye kioo mbele ya mlinzi. Unatoka: ting! Unarudi: ting! Siku ya kwanza niliona kero tupu. Mwanamke mzima, kila nikitaka kupunga upepo napigwa ting!

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha. Hicho ndicho cha bei nafuu, kinafaa kwa mtu anayekuja kulala tu. Ukizima taa ni giza la shimoni, hujui kama ni usiku wa manane au saa sita mchana.

Kabla hatujang'oa nanga, king'ora kikalia: milio mifupi saba, mmoja mrefu. Haki ya nani, nilidhani tumeshazama tukiwa gatini! Kumbe ni zoezi la dharura. Kila abiria anatakiwa afike mwenyewe kwenye kituo chake, aoneshwe jaketi la kuokolea maisha linavyovaliwa, na kadi yake ikaguliwe. Zamani sheria za kimataifa ziliruhusu zoezi lifanywe ndani ya saa 24 baada ya watu kupanda. Mwaka 2012 Costa Concordia ikagonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa, na ndani yake walikuwemo abiria waliopanda siku ileile, hawajafundishwa lolote. Tangu mwaka 2015 zoezi ni kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Hakuna cha kesho.

Kwenye kituo chetu msimamizi alikuwa kijana mweusi, mwembamba, ana kibao cha jina kifuani kimeandikwa na nchi: Kenya. Akatusikia tukisemezana, uso ukamchanua. "Dada zangu! Mwatoka wapi?" Mtoto wa Mombasa. Kazi yake ni kuhudumia mezani, ila wakati wa zoezi ndiye mwenye kituo. Akaja jamaa mmoja na bia mkononi, anataka kadi yake ikaguliwe aondoke zake. Kijana akamwambia kwa adabu asimame asikilize mpaka mwisho. Halafu wakakosekana watu wawili. Namba ya chumba chao ikatangazwa kwenye spika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Abiria elfu mbili na ushee tumesimama tunasubiri watu wawili! Wakatokea, mzee na mkewe, wamenuna.

Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, pole na kazi." Akacheka. "Dada, hapa mimi hulisha watu, lakini kazi yangu ya kwanza ni kuwahesabu. Mmoja akikosa, sisi hatulali."

Nilimgeukia dada nicheke naye. Nikamkuta anafuta macho. Nikadhani ni upepo.

Sasa bwana, msosi! Bufee iko wazi asubuhi mpaka usiku, na chakula kimo ndani ya nauli. Samoni, mikate ya aina kumi, na samaki mmoja mdogo aliyelowekwa kwenye siki bila kupikwa, wenyewe wanampenda kufa. Nilijaribu kimoja nikakumbuka senene wa nyumbani, nikasema kweli kila mtu na utamu wake. Ila chunga: chai, kahawa na maji ya kwenye bufee yalikuwa bure, lakini soda, bia na mvinyo vinaandikwa kwenye kadi kimyakimya. Huduma nayo inakatwa kila siku kwa kila kichwa. Siku ya mwisho unaletewa risiti ndefu kama kanga. Na abiria wenzetu wengi walikuwa wazee wa Kijerumani, kwa hiyo ukienda ukidhani utajirusha disko mpaka che, utacheza na vijukuu vya watu.

Siku ya pili tulishinda baharini. Siku ya tatu asubuhi, Tallinn.

Vijana, Tallinn ni bomba! Na hapo usinunue ziara ya meli kwa bei ya kuruka. Chapa lapa tu. Kutoka bandarini hadi mji mkongwe ni mwendo wa kama dakika 20. Unaingilia lango la zamani lililo kando ya mnara mnene wanaouita Margareta Mnene. Ndani ni vichochoro vya mawe, minara yenye kofia nyekundu, jumba la halmashauri la mwaka 1404, na duka la dawa linalotajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1422, na mpaka leo lipo, unaingia unanunua. UNESCO iliutia mji huo kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 1997. Na hao jamaa walikuwa chini ya Wasovieti mpaka mwaka 1991. Tarehe 23 Agosti 1989 Waestonia, Walatvia na Walithuania karibu milioni mbili walishikana mikono barabarani kwa zaidi ya kilomita 600, kudai nchi zao. Hawakurusha hata jiwe.

Kabla ya kupita lile lango, pembeni kwenye kilima kidogo, niliona kitu cha ajabu: upinde mweusi wa chuma unaonyanyuka kama daraja, halafu unakatika hewani. Upande wa pili kipande kingine, nacho kimekatika. Havikutani. Nikamuuliza dada ni nini. "Hicho ni cha meli," akasema, akaongeza mwendo. Nikamwacha.

Sasa sikia kioja changu. Saa yangu ya mkononi sikuibadilisha tangu Dar. Kumbe Tallinn wakati wa kiangazi saa zao ni sawasawa na za kwetu! Nikajisifu nimecheza kama Pele. Tulitakiwa tuwe melini saa 11 jioni. Nilikuwa dukani nachagua skafu, kutazama saa: saa 11 kasoro dakika 8! Nikatupa skafu, nikatimua mbio kwenye yale mawe, viatu mkononi, jasho linanitiririka, watalii wananipisha kama gari la zimamoto. Nafika gatini sina pumzi, mlinzi ananishangaa. Meli haikubadilisha saa, inakwenda na saa ya Ujerumani. Bado saa nzima! Dada akaja baadaye, taratibu, analamba aiskrimu. "Nilikuita," akasema, "ukawa umeshafika kona." Somo: fuata saa ya meli, si ya mji wala ya Kariakoo. Ukichelewa wanaondoka, na nauli ya kuwafuata bandari ya mbele ni juu yako.

Siku ya nne, Helsinki. Soko lao liko pale pale ufukweni, wanauza supu ya samoni yenye maziwa, ukinywa baridi inakimbia. Kutoka hapo unachukua kivuko cha kawaida, kile wanachopanda wenyeji, dakika 15 hivi unafika Suomenlinna, ngome ya kisiwani iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Watu wanatandaza mikeka kwenye majani juu ya mahandaki ya zamani, wanakula, watoto wanachezea mizinga. Tulitandaza na sisi.

Usiku meli ikaondoka. Naita usiku kwa mazoea tu, maana ilikuwa saa nne na nusu na jua bado linaning'inia. Mimi na dada tulikaa juu kwenye sitaha, tumejifunika blanketi. Hapo ndipo akafungua mdomo.

"Ule upinde wa Tallinn," akasema, "ni wa meli iliyoitwa Estonia. Iliondoka Tallinn jioni ya tarehe 27 Septemba 1994 kwenda Stockholm. Usiku wa manane mlango wa mbele, pale magari yanapoingilia, ukang'olewa na mawimbi. Maji yakaingia. Ilikuwa na watu 989. Walipona 137. Ilizama upande huu tunaokwenda. Usiku wa leo tutapita si mbali na hapo."

Nikamwambia, "Dada, na wewe habari kama hizo unanipa tukiwa juu ya maji?"

Hakucheka. Akaniuliza, "Unakumbuka siku ile?"

Nani wa kusahau? Tarehe 21 Mei 1996. Nilikuwa darasa la saba, Bukoba. MV Bukoba ilikuwa imeondoka jioni ya jana yake, ikapitia Kemondo kuchukua watu na ndizi, na asubuhi ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Redioni wakatangaza. Mji mzima ukawa kilio kimoja. Ndani yake alikuwemo kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, anakwenda Mwanza kufuatilia nafasi ya chuo. Alipanda daraja la tatu. Na abiria wa daraja la tatu, msomaji wangu, hawakuwa wameandikwa majina.

Unaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba hakukuwa na karatasi popote duniani inayosema kaka yetu alikuwemo. Baba mkubwa akaenda Mwanza, akapitishwa kwenye miili safu kwa safu, hakumwona. Wengi wakazikwa Igoma, wengine ziwa halikuwarudisha. Akatokea mtu akasema alimwona kijana akishukia Kemondo. Neno hilo moja lilitutesa kuliko msiba. Matanga yakawekwa, yakaahirishwa, yakawekwa tena. Bibi amefariki mwaka 2003 bado anasema mjukuu wake alishuka Kemondo, iko siku atabisha hodi.

Dada wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu Ujerumani, mwanafunzi wa unesi, hana nauli ya kuja kulia na wenzake. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kukaa tukaliongea. Kila nikimpigia ni habari za hela, watoto, hali ya hewa.

Usiku ule sikulala. Chumba hakina dirisha, giza tororo, nasikia injini inanguruma chini ya kitanda.

Asubuhi dada akaniamsha tutoke nje. Msomaji wangu, ukifanikiwa kwenda, usilale asubuhi ya Stockholm. Meli inapita kwa masaa katikati ya visiwa, wenyewe wanasema viko kama 30,000. Vingine vina nyumba moja nyekundu na mtumbwi, basi. Bahari imetulia kama maji ya beseni. Kwa mara ya kwanza nikasahau kuogopa.

Mjini tukavuka hadi Djurgården, kwenye jumba la makumbusho ya Vasa. Hapo kuna jimeli la mbao la mwaka 1628, zimazima, lilikuwa na mizinga 64 na masanamu ya kuchongwa kila kona. Ilikuwa fahari ya mfalme Gustav wa Pili Adolf. Tarehe 10 Agosti 1628 ikatoka kwa mara ya kwanza, ikasafiri mita kama 1,300, kaupepo kakaja, ikalala upande na kuzama mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Ilikuwa nzito juu, nyembamba chini. Waliiopoa mwaka 1961, baada ya miaka 333.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Kabla ya safari, meli ikiwa gatini, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja upande huu na upande ule waone inavyoyumba. Mara ya tatu wakasimamishwa, maana ilikuwa inataka kupinduka palepale. Wakubwa walikuwepo wanatazama. Ikaachwa iondoke hivyohivyo, kwa sababu mfalme alikuwa na haraka. Baada ya ajali wakafanya uchunguzi, wakaulizana, na hakuadhibiwa mtu. Nilisimama pale nikasema moyoni, kumbe hata kwa wenzetu iliwahi kuwa hivi.

Tulipotoka dada hakuelekea kwenye kituo cha tramu. Akakata upande wa makaburi ya zamani ya mabaharia yaliyo jirani. Nikamfuata. Pembeni yake kuna kuta ndefu za mawe zinazotengeneza pembe tatu, ndani kuna mti. Kwenye mawe yamechongwa majina. Majina, majina, majina, kuanzia juu mpaka chini. Ni ukumbusho wa Estonia, uliofunguliwa mwaka 1997. Mtu mmoja alikuwa ameacha maua bado mabichi.

Dada akapitisha kidole kwenye maandishi kama mtu anayetafuta kitu. Akasema, bila kunitazama, "Mdogo wangu, nauli ile nilimtumia mimi."

Sikujibu.

"Alinilalamikia kwenye barua kuwa nafasi ya chuo itampita. Nikajibana, nikamtumia. Nikamwandikia, panda daraja la pili ulale vizuri. Na yeye akapanda la tatu, abakize hela ya matumizi. Angepanda la pili angeandikwa. Hata kama angekufa, angeandikwa, na bibi angejua."

Hapo ndipo mwenzenu nilipovunjika. Tukashikana tukalia kama watoto, katikati ya Stockholm, na Waswidi walivyo wapole wakapita kwa mbali. Kisha dada akajifuta, akasimama wima mbele ya ule ukuta, akamtaja kaka yetu kwa sauti: jina lake, la baba yake na la babu yake, lote, kama anavyoitwa mwanafunzi kwenye mahudhurio ya asubuhi. Mimi nikaitikia, "Yupo." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilinitoka tu.

Tuliporudi melini nikapitisha kadi. Ting! Mlinzi akatazama kioo, akatazama sura yangu, akasema karibu. Ile ting, jamani, sikuisikia tena kama kero.

Dada alinieleza usiku kwamba baada ya Estonia wenzetu hawakuishia kujenga ukuta. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo: meli ya abiria isiondoke kabla watu wote hawajahesabiwa, na kwa safari ya zaidi ya maili 20 za baharini waandikwe majina. Wote, wa chumba chenye roshani na wa kiti cha bei poa.

Copenhagen ilikuwa ya kumalizia, na mioyo ilikuwa imekuwa myepesi. Tukamwona yule nguva wao wa shaba juu ya jiwe, amekaa hapo tangu mwaka 1913. Watu wanasukumana kumpiga picha, na mwenyewe ana urefu wa mita moja na robo tu! Tukapita Tivoli, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1843, dada akapanda bembea la juu akapiga kelele kama msichana. Hela yao ni krone, kama ilivyo Sweden krona, na huko Stockholm usitegemee noti: maduka mengi hayapokei, mpaka choo cha kulipia kinataka kadi. Kahawa na kipande cha keki ya Copenhagen ni bei ya kula siku nzima Kariakoo. Tulikula hivyohivyo. Ilikuwa bethidei.

Sasa najua utaniuliza: je, safari hiyo inalipa? Ukiwa na mshiko na viza, inalipa. Nenda Juni, chukua chumba cha ndani, tembea kwa miguu, vaa sweta hata wakisema ni kiangazi. Lakini usitegemee kuijua miji. Unapewa saa nane, unauonja mji kama chumvi kwenye ulimi, king'ora kinalia.

Na kwa sisi tusio na mshiko, tunaovuka kwenda Unguja, Pemba, Ukerewe na Ukara, nina ombi. Mwaka 2011 tulizika watu wa MV Spice Islander. Mwaka 2018 tukazika wa MV Nyerere, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Siku hizi ukikata tiketi ya boti ya Zanzibar unaulizwa jina na kitambulisho, na nimewasikia vijana wakisonya. Usisonye. Usisafirie tiketi ya mshikaji wako eti ya kwako imekwisha. Na chombo kikijaza, shuka, hata kama umeshalipa, hata kama wakikuita mwoga. Miye wameniita mwoga miaka yote hii, na nimezoea.

Dada kanisindikiza uwanja wa ndege Hamburg. Tumekubaliana mwakani anakuja, twende Igoma pamoja. Tutatoka Bukoba kwenda Mwanza kwa meli. Ndiyo, kwa meli. Nimeshamwambia: daraja lolote, mradi tuandikwe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.